Pylon wa Athens, Georgia: maswali ninayoulizwa kila nikiwasha hii bendi

Mi napiga besi, nimeanzia kwenye bendi za baa na kumbi za harusi, na kwa miaka kadhaa sasa kila nikiweka Pylon kwenye spika kuna mtu lazima aulize "hawa ni kina nani?" Nikijibu moja linakuja lingine. Sasa nimeamua niyaandike yote sehemu moja, yale yanayorudi rudi, na nitaeleza kwa kirefu pale ninapoona panahitaji.

Pylon ni kina nani?

Ni bendi ya watu wanne. Randall Bewley, wengi walimuita Randy, ndiye alikuwa anacharaza gitaa. Michael Lachowski besi. Curtis Crowe drams. Halafu dada mmoja anaitwa Vanessa Briscoe ndiye mwimbaji, baadaye akawa Vanessa Briscoe Hay. Wamepiga kuanzia 1979 mpaka mwisho wa 1983, wakaacha, wakarudi 1989 mpaka 1991, wakaacha tena, wakarudi 2004 wakawa wanapiga mara moja moja mpaka 2009 Randy alipofariki. Muziki wao unaitwa posti-panki, lakini wakati wanaanza wala hawakuwa na haja ya jina, walikuwa wanafunzi wa sanaa waliotaka kujaribu kitu.

Athens hii ni ile ya Ugiriki?

Hapana, hii ni Athens ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kama kilomita mia na kidogo kutoka Atlanta. Ni mji mdogo wa chuo, Chuo Kikuu cha Georgia ndio moyo wake. Na hapa ndipo watu wanaposhangaa, maana mji huo huo mdogo ndio umetoa bendi za B-52's na R.E.M. B-52's walitangulia, Pylon wakafuata, R.E.M. wakaja baada ya hapo mwaka 1980. Yaani Pylon wako katikati ya majina mawili makubwa duniani na bado ukiwataja watu wanakukodolea macho.

Mnaposikia "bendi ya mkoani" msidhani ni kwa sababu walikuwa wadogo kimuziki. Ni kwamba enzi hizo Marekani ukitaka kujulikana unaenda New York au Los Angeles, kule ndio kuna lebo, yaani kampuni za kutoa rekodi, magazeti, redio. Hawa walibaki kwao. Walienda New York kupiga, halafu wanarudi nyumbani Athens kwenye kazi na masomo.

Posti-panki ndio nini? Eleza kwa lugha ya mtu wa kawaida.

Sawa. Panki ililipuka kuanzia 1976 na 1977, nyimbo fupi, kasi, gitaa limejaa makelele, kila mtu anapiga kwa hasira. Baada ya muda mfupi wakatokea watu waliopenda ule uhuru wa panki, kwamba hata kama hujui kupiga unaruhusiwa kupanda stejini, ila hawakutaka kurudia nyimbo zile zile. Wakaanza kuchota huku na huku, kwenye fanki, kwenye disko, kwenye dub ya Jamaica (nitaieleza mbele), gitaa likapunguzwa mafuta likabaki mifupa, besi ikasogea mbele. Gang of Four wa Leeds kule Uingereza ni mfano mzuri. Hiyo ndio posti-panki.

Kwa mtu aliyelelewa na dansi kama mimi njia rahisi ya kuelewa ni hii. Kwetu gitaa la solo ndilo linaongea, rithim inabeba, besi inashikilia chini. Kwa Pylon besi ndiyo inaimba ule wimbo ambao utabaki nao kichwani, na gitaa la Randy linaingia kuchomachoma kwenye nafasi zilizobaki wazi, ukiondoa besi wimbo unakufa palepale. Siku ya kwanza kuwasikia mi nilidhani mafundi wamekosea wamepandisha besi juu sana. Nikarudia, nikarudia tena, ndio nikaelewa kumbe ndivyo walivyotaka.

Ni kweli walianza bila kujua kupiga?

Kweli kabisa. Lachowski na Bewley walikuwa wanafunzi wa sanaa, mambo ya kuchora na kupiga picha, wakaokota vyombo vya mitumba wakaanza kujifundisha wenyewe. Randy hakufuata hata tyuni ya kawaida ya gitaa, alikuwa anazikaza nyuzi anavyosikia yeye, ndiyo maana ukijaribu kukopi zile nyimbo kwa tyuni ya kawaida vidole vinagoma, mi nimehangaika nazo na rafiki yangu mpiga solo wiki nzima mpaka tukajua tatizo haliko kwenye vidole.

Walikuwa wanafanyia mazoezi kwenye chumba mjini na Curtis Crowe alikuwa ndiye anayewapangisha. Anawasikia wanarudia kipande kimoja hicho hicho, saa nzima, hakiishi, hakuna drams. Mwisho akashuka akagonga mlango akasema niacheni nipige na nyie. Nadhani kila mwanamuziki anaelewa ile hali ya kusikia mdundo umekosa ngoma ukashindwa kukaa kimya.

Curtis huyo huyo kabla ya hapo, Oktoba 1978, yeye na rafiki yake walifanya pati ya Halloween chumbani ghorofani pale College Avenue, mwanga wote ni balbu moja ya wati 40. Wakapaita 40 Watt Club. Leo 40 Watt ni ukumbi maarufu sana Athens, umehamahama majengo ila jina ni lile lile la ile balbu.

Na habari ya kasuku?

Hii huwa wananiuliza wakidhani natunga. Kabla ya Vanessa walikosa mwimbaji, basi wakajaribu kupiga muziki huku wameweka rekodi ya kumfundisha kasuku kuongea, ile sauti ndio iwe mwimbaji. Walikuwa wanafanya sanaa na walikuwa serious kabisa, sauti ya mtu anayerudia maneno bila hisia ilikuwa inawavutia. Halafu wakajaribu watu kadhaa, halafu ndio akaja Vanessa siku ya Valentine 1979, tarehe 14 Februari, kufanya majaribio. Alipewa maneno yameshaandikwa na muziki umeshatengenezwa, yeye akayapa roho. Mwezi uliofuata, Machi, wakapiga shoo ya kwanza.

Na msikilizeni anachofanya. Anaanza kama mtu anayesoma tangazo ukutani, taratibu, kisha bila kukupa taarifa sauti inapanda inakuwa kilio, inakuwa ngurumo, halafu anarudi kwenye tangazo lake. Hakuwa amesomea kuimba, ila kwangu mimi ni mmoja kati ya waimbaji watano bora wa muziki huu wote na hapo sibishani na mtu.

Jina Pylon linatokana na nini?

Kwa Wamarekani pailoni ni zile koni za rangi ya machungwa zinazowekwa barabarani kuzuia magari. Walitaka jina lisilo na hisia, lenye harufu ya kiwanda. Na kiwanda walikijua vizuri, maana baadhi yao walifanya kazi kiwanda cha DuPont pale Athens, kilichokuwa kinatengeneza nailoni. Kazi za wikiendi za kutafuta ada na kodi ya nyumba.

Pale ndipo maneno ya nyimbo zao yanapotoka. Kiwandani kila ukuta una bango la usalama, angalia hiki, vaa kile, usiguse hapa, hatari. Wakaichukua lugha ile ile ya amri fupi fupi wakaifanya nyimbo. Kuna wimbo unaitwa Danger, kuna mwingine unaitwa Working Is No Problem. Hawakuwa wanalalamika kuhusu kazi na hawakuwa wanasifia pia, waliona tu kwamba lugha ya kiwandani ina mdundo wake. Mtu yeyote aliyewahi kufanya shifti anajua hilo, mashine inakufundisha mapigo, unaenda nayo nyumbani kichwani.

Walifikaje New York?

B-52's. Hawa walikuwa wameshatoka, wakawaona Pylon kwenye pati nyumbani Athens, wakawapenda, wakapeleka kaseti yao New York kwenye klabu inaitwa Hurrah. Wakaitwa. Mwaka huo huo wa 1979, bado wachanga kabisa, wakapanda stejini kuwatangulia Gang of Four niliowataja hapo juu.

Na hapa kuna kitu lazima mkijue. Mpango wao wa mwanzo ulikuwa hivi, tuanzishe bendi, tukapige New York, tuandikwe kwenye gazeti la New York Rocker, tuvunje bendi. Basi. Walikuwa wameipanga kama kazi ya sanaa, ina mwanzo na mwisho. Matokeo yake wakapata walichotaka mapema mno, na wakagundua wanafurahia, wakaendelea.

Baada ya ile safari mwandishi wa jarida la Interview, Glenn O'Brien, akaandika kwamba hawa watu ni kama vile kifungua kinywa chao ni dub. Dub kwa wasiojua ni ule mtindo wa Jamaica wa kuchukua wimbo wa rege ukatoa sauti ya mwimbaji, ukabaki na besi na ngoma na mwangwi. Wenyewe walikuwa hawaijui dub. Waliposoma ndio wakatafuta kujua, na wakatunga wimbo unaoitwa Dub wenye yale maneno ya kula dub asubuhi. Nampenda sana huu mkasa, maana unaonyesha watu wawili wanaweza kufika sehemu moja kwa njia tofauti bila kuonana. Kina Lachowski walifika kwenye besi nzito kwa sababu walikuwa hawajui kujaza nyimbo na vitu vingi, na Jamaica walifika kwa kupunguza vitu vilivyojaa.

Walirekodi nini?

Singo ya kwanza ni Cool upande mmoja, Dub upande wa pili, chini ya DB Records ya Atlanta, lebo ndogo ya Danny Beard ambayo ndiyo ilitoa pia wimbo wa Rock Lobster, toleo la kwanza la B-52's. Albamu ya kwanza ni Gyrate, 1980. Halafu singo ya Crazy. Halafu albamu ya pili Chomp, 1983, iliyosimamiwa na Chris Stamey na Gene Holder wa bendi ya dB's. Waliporudi mara ya pili wakatoa Chain, 1990.

Mkiniuliza ipi bora, Gyrate ina nguvu ya watu waliogundua kitu jana, Chomp imepikwa zaidi, gitaa la Randy limekuwa na rangi nyingi. Mi naenda na Gyrate siku za kazi na Chomp usiku. Chain ni nzuri ila haijanikaa moyoni kama hizo mbili.

Kwa nini walivunja bendi 1983 wakati ndio wanapanda?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote na nitalijibu kwa kirefu kwa sababu watu wanalielewa vibaya.

Chomp imetoka, magazeti yanawasifia, mawakala wameanza kuwataka. Wakapata nafasi ya kuwatangulia stejini U2, bendi ya Ireland, na U2 mwaka 1983 ndio walikuwa wanalipuka Marekani. Kila mtu anawaambia hii ndio njia, mnapiga mbele ya maelfu, jina linakua. Wakapiga mara chache. Wale watu walikuja kwa U2, hawakuwa na haja na watu wanne wa Athens wenye nyimbo za mifupa mitupu. Na Pylon walikuwa bendi ya kuchezwa, nyumbani Athens watu walikuwa hawasimami kuangalia, wanacheza mpaka sakafu inatikisika. Sasa unasimama mbele ya watu waliokunja mikono wanasubiri uondoke, ya nini?

Wakakaa wakaulizana kama bado wanafurahia. Haikuwa furaha tena, ilikuwa inageuka biashara. Wakaamua kuacha. Hakukuwa na ugomvi wala mtu kukimbia na hela, hakuna aliyefukuzwa. Shoo ya mwisho wakaipiga nyumbani, ukumbi wa Mad Hatter, Athens, tarehe 1 Desemba 1983.

Wengi wakisikia hivyo wanasema walipoteza bahati. Mi siamini hivyo, na nasema hivi kama mtu aliyewahi kubaki kwenye bendi miaka mitatu baada ya furaha kuisha, unaenda mazoezini kama unaenda kliniki, mnapiga nyimbo zile zile na hakuna anayemwangalia mwenzake usoni. Wale walijua mapema kwa nini walianza, kwa hiyo walijua pia lini kile walichokianzia kimekwisha. Bendi nyingi hazijui hata moja kati ya hayo mawili. Ndiyo, uamuzi ule umewagharimu jina. Lakini hakuna rekodi mbovu ya Pylon ya 1985 waliyoitoa kwa sababu lebo inadai.

R.E.M. wanaingiaje hapa?

R.E.M. waliwakuta Pylon pale mjini, wamewaona stejini, wamejifunza kwao, na hawajawahi kuficha. Walirudia wimbo wa Crazy, ukatoka 1985 nyuma ya singo yao ya Driver 8, na baadaye ukawekwa kwenye mkusanyiko wao wa 1987 unaoitwa Dead Letter Office. Kwenye maelezo ya ile santuri mpiga gitaa wao Peter Buck ameandika kwamba aliusikia wimbo wa Pylon redioni siku ambayo rekodi yao Chronic Town inatoka, akanyong'onyea kwa jinsi ule ulivyokuwa mzuri kuliko wa kwao.

Halafu 1987 jarida la Rolling Stone likawaweka R.E.M. kwenye jalada likawaita bendi bora ya rock and roll Marekani. Mpiga drams wao Bill Berry akasema hapana, sifa hiyo ni ya Pylon. Wakati huo Pylon hawapo, wameacha miaka minne iliyopita, watu wako makazini. Na nadhani hilo lilichangia kuwarudisha, maana vijana walianza kuuliza hao Pylon ni nani, ikatoka pia filamu ya kumbukumbu kuhusu muziki wa Athens mwaka huo huo na wao wamo. 1989 wakarudi.

Watu wengi wamewajua Pylon kupitia Crazy ya R.E.M., hata mimi ndio njia niliyopita. Ila sikilizeni ya wenyewe baada ya hapo. R.E.M. wameifanya iwe laini, ya Pylon ina ubaridi fulani ambao hauigiki.

Urithi wao uko wapi? Mbona siwasikii?

Unawasikia bila kujua. Kila ukisikia bendi ya gitaa inayokuchezesha, besi iko mbele, gitaa linakatakata, na mwimbaji wa kike ambaye hajaribu kukupendeza, kuna uwezekano mkubwa mtu hapo katikati amewasikiliza Pylon. Miaka ya 2000 mwanzoni New York ilipojaa bendi za namna hiyo, lebo ya DFA, ile ya James Murphy wa bendi ya LCD Soundsystem, ndiyo iliyoitoa tena Gyrate mwaka 2007 na Chomp mwaka 2009 na nyongeza zake. Yaani wale waliokuwa wanawachezesha vijana wa New York walirudi kuonyesha wametoka wapi.

Mwaka 2020 New West Records wakatoa kasha zima, Pylon Box, santuri nne na kitabu cha kurasa 200. Humo wameongea watu wa R.E.M., B-52's, Gang of Four, Sonic Youth, Sleater-Kinney, Interpol. Moja ya zile santuri ni Razz Tape, mazoezi yao ya 1979 kabla hata ya singo ya kwanza, na kwa mwanamuziki hiyo ni shule, unasikia nyimbo zikiwa bado mbichi na tayari zina kila kitu.

Kwa hiyo mtu akisema "walisahaulika" mi huwa namrekebisha. Wasikilizaji wa kawaida hawakuwahi kuwajua. Wanamuziki hawakuwahi kuwasahau.

Siku hizi wako wapi?

Randy alipata mshtuko wa moyo akiwa anaendesha gari, akafariki tarehe 25 Februari 2009, ana miaka 53. Toleo jipya la Chomp lilitoka mwaka huo huo, yeye hakuliona. Waliobaki waliliacha jina la Pylon pale pale, hawakutafuta mpiga gitaa mwingine wa kuziba pengo, na kwangu hiyo ni heshima kubwa.

Vanessa alisomea unesi na akafanya kazi hiyo miaka mingi. Fikiria umelazwa, nesi anayekuja kukupima presha ndiye aliyeimba Crazy na hujui. Baadaye, kuanzia 2014, akaunda kundi linaitwa Pylon Reenactment Society, wanapiga nyimbo za zamani na wanatunga mpya, na jina limechaguliwa hivyo ili asimdanganye mtu kwamba hii ni Pylon. Februari 2024 wametoa albamu yao, Magnet Factory. Sauti ya Vanessa bado inakata.

Napiga gitaa, nawezaje kupata ile sauti?

Punguza. Zima nusu ya vitu unavyotaka kupiga. Anza na besi, itengeneze iweze kusimama peke yake dakika nzima bila mtu kuchoka, drams zinyooke zisipambe sana, halafu gitaa litafute pale ambapo besi imenyamaza. Nyuzi mbili zinatosha, kodi kubwa za nyuzi zote sita zinaharibu. Na jaribu kuzibadilisha tyuni zako mwenyewe, ukipata inayokupendeza iandike kwenye karatasi kabla hujaisahau, mi nimeshapoteza mbili nzuri hivyo hivyo.

Nianze na nyimbo zipi?

Cool, halafu Dub, halafu Volume, halafu Crazy. Zikikukamata chukua Gyrate nzima. Kisha utafute rekodi ya ile shoo ya mwisho ya Mad Hatter, ilirekodiwa usiku ule ule wa 1983 na ikatoka kama albamu 2016 kwa jina Pylon Live, wanapiga kama watu wasio na deni na mtu yeyote. Ila nakuomba kitu kimoja, usiisikilizie kwenye spika ya simu. Tafuta spika yenye besi au hata hedifoni za kuazima, maana simu inamfuta Lachowski wote, na ukishamkosa Lachowski utabaki unajiuliza mi nilikuwa naongea nini humu.